Darubini Haioni: Kutafuta Kosa Kabla ya Kumwita Fundi

Simu huingia asubuhi, kabla foleni ya wagonjwa haijawa ndefu.

"Mzee, shikamoo. Darubini yetu imekufa."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa, au haioni?"

Hapo huwa kimya kidogo. Hadubini iliyokufa haiwaki. Isiyoona inawaka vizuri tu, ila picha ni ukungu, au giza, au madoa. Hao ni wagonjwa wawili na dawa zao ni mbalimbali. (Vitabu vinasema hadubini, na mimi nitaandika hivyo. Lakini huku Kigoma mtu wa maabara akikwambia darubini, hana habari na nyota.)

Nimezunguka na begi la bisibisi na karatasi za lenzi kutoka Ujiji hadi Kasulu, na kushuka mpaka Uvinza. Zaidi ya mara moja nimesafiri kutwa nzima kwenda kugeuza slaidi iliyolazwa kifudifudi. Sikudai nauli, lakini nilinuna. Ndiyo maana naandika haya.

Kwanza: kosa linamfuata nani?

Hadubini ni vioo vilivyopangwa mstari mmoja: taa, kondensa (hukusanya mwanga) chini ya meza ya kuwekea slaidi, slaidi yenyewe, objektivu (lenzi inayoikaribia slaidi), lenzi ya jicho. Kosa limekaa kwenye mojawapo, na njia ya kulikamata ni kusogeza kimoja baada ya kingine ukiwa unachungulia.

Umeona doa? Sogeza slaidi. Doa likienda nayo, ni la slaidi. Likibaki, zungusha lenzi ya jicho kwa vidole. Likizunguka, umelipata: lipo juu ya lenzi hiyo au ndani yake. Likiwa bado limetulia, pandisha na ushushe kondensa. Doa likifokasi na kupotea, ni vumbi la kondensa au la kioo cha taa.

Wengi hukosea kwenye objektivu. Uchafu wa objektivu hauji kama doa. Unakuja kama ukungu juu ya picha nzima, mithili ya kutazama kupitia kioo cha gari lililotoka barabara ya vumbi. Badilisha objektivu. Ukungu ukiondoka, mchawi ni ile uliyoiacha.

Ili kuukagua uso wa objektivu huhitaji kifaa kingine. Chomoa lenzi ya jicho, igeuze juu chini, iweke karibu na jicho lako na usogelee ncha ya objektivu. Itakuza kama kioo cha fundi saa, na utaona mafuta yaliyokauka, mkwaruzo, hata alama ya kidole cha mtu.

Haiwaki kabisa

Hapa nitapita haraka. Anza ukutani: chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Kisha waya, kisha fyuzi, kisha balbu. Swichi mwisho.

Hadubini nyingi za zamani kidogo zina balbu ya halojeni ya volti 6 na wati 20, lakini soma maandishi ya balbu yako usikariri ya kwangu. Balbu ya volti 12 kwenye soketi ya volti 6 itawaka manjano dhaifu, na utadhani lenzi ni chafu. Ya volti 6 kwenye volti 12 itakufa palepale. Usiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hubaki kwenye kioo chake, pale panapata joto kupita sehemu nyingine, na balbu inapasuka kabla ya siku zake. Tumia kipande cha karatasi safi.

Umeme ukikatika, zima swichi ya hadubini na urudishe kirekebisha mwanga hadi chini kabisa. Balbu nyingi hazifi umeme ukiondoka. Hufa ukirudi, au jenereta inaponguruma mara ya kwanza.

Shule zenye hadubini ya kioo cha chini zina shida yao. Kioo kina nyuso mbili. Kama kuna kondensa, tumia uso bapa. Kama hakuna, tumia uliobonyea. Elekeza kwenye anga jeupe la dirishani. Usielekeze kwenye jua lenyewe hata kwa mzaha. Jicho la mwanafunzi halina kipuri.

Inawaka, lakini nusu ya duara ni giza

Objektivu haijakaa mahali pake. Zungusha mpaka usikie "tik". Kama giza ni la pande zote, kondensa imeshushwa mno au airisi (tundu lake linalopanuka na kubana) imefungwa. Basi.

Objektivu ya 10 inaona, ya 40 haioni kitu

Hili ndilo lililonitembeza sana. (Namba ni mara ambazo objektivu inakuza.) Sababu ya kwanza ni slaidi kupinduliwa. Kioo cha slaidi kina unene wa takriban milimita 1. Objektivu ya 10 ina nafasi ya milimita kadhaa mbele yake, kwa hiyo inaona tu hata damu ikiwa upande wa chini. Ya 40 kwa kawaida ina kama nusu milimita. Inagota kioo kabla haijaifikia damu. Ukiendelea kukaza skrubu ya fokasi, utavunja slaidi au utakwaruza lenzi. Inamisha slaidi kwenye mwanga: upande wenye tandazo, yaani damu iliyopakwa, haung'ai. Huo ndio unaotazama juu.

Sababu ya pili ni kifuniko. Soma shingoni mwa objektivu ya 40, utakuta 0.17. Huo ni unene wa kifuniko cha slaidi, kwa milimita, ambao lenzi hiyo ilichongwa kwa ajili yake. Kuna shule niliyokuta vifuniko vimekwisha na mwalimu anafunika kitunguu kwa slaidi nyingine. Alikuwa mbunifu, na objektivu ya 10 ilimkubalia. Ya 40 ilikataa, na ilikuwa na haki.

Sababu ya tatu ni mafuta ya imeshini, yale yanayodondoshwa kati ya slaidi na objektivu ya 100. Umetoka kusoma kwa objektivu ya 100, ukazungusha kurudi nyuma, na ile ya 40 imepita katikati ya tone. Tangu hapo kila kitu ni ukungu. Ifute mara moja, kwa sababu yakikauka kazi inakuwa kubwa. Na ukishaweka mafuta kwenye slaidi, usirudi kwenye 40. Zungusha upande wa pili, au shusha meza uondoe slaidi.

Kuna hali ya nne, ndogo: tandazo la damu lisilo na kifuniko huonekana limefifia kidogo kwa 40 hata kila kitu kikiwa sawa. Dondosha tone dogo la mafuta juu ya tandazo, funika kwa kifuniko, kisha tazama. Utashangaa.

Objektivu ya 100 ni ukungu

Kabla ya kuipangusa, jiulize umeweka mafuta gani. Mwanga ukitoka kwenye kioo na kuingia hewani hupinda, na ule wa pembeni unapotea kabla ya kuifikia lenzi. Mafuta ya imeshini yana kipimo cha kupindisha mwanga cha karibu 1.515, sawa na kioo, kwa hiyo mwanga unapita kana kwamba hakuna mpaka. Hewa ni 1.00, maji 1.33. Ukitumia objektivu ya 100 bila mafuta umenunua gari ukalisukuma.

Nimekuta alizeti ya jikoni kwenye kichupa cha maabara. Siku ya kwanza inaonekana kama inafaa. Baada ya wiki kadhaa imekauka kama vanishi. Objektivu za 100 huwa na springi ili ncha irudi ndani ikigusa slaidi, na uchafu wa namna hiyo ukipenya, ncha inanata ndani na fokasi inapotea kabisa. Ibonyeze taratibu kwa kidole kilichofungwa karatasi ya lenzi. Isiporudi, hiyo ni ya fundi.

Mafuta ni sahihi na bado ni ukungu? Chomoa lenzi ya jicho, chungulia ndani ya bomba. Ukiona kiduara cheusi kinachotembea, ni kiputo cha hewa ndani ya mafuta. Futa, weka tone jingine bila kulitikisa. Kisha angalia kondensa: kwa 100 inapaswa kuwa juu kabisa na airisi wazi. Watu wengi huiacha chini tangu walipotazama minyoo asubuhi.

Kufuta kuna adabu yake. Puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, maana vumbi ukilisugua ni msasa. Kisha karatasi ya lenzi yenye tone la mchanganyiko wa etha na alkoholi, kutoka katikati kwenda ukingoni, mara moja, tupa karatasi. Zaileni inayeyusha mafuta vizuri, lakini ikizidi hupenya na kulegeza gundi inayoshika vioo. Pindo la kanga, gozi na karatasi ya chooni vikae mbali. Na usifungue objektivu ndani. Sijaona aliyeifungua kwa bisibisi ya kawaida akairudisha ilivyokuwa.

Kuna wanaonunua lenzi ya jicho ya 25 wakitarajia kuona zaidi ya ile ya 10. Picha inakua, haiongezi kitu. Mwanga wa kawaida hautenganishi vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban maikromita 0.2. Ernst Abbe alilieleza hilo mwaka 1873, na virusi vya ukimwi, vyenye upana wa karibu maikromita 0.1, viko chini ya mstari huo. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini hamvioni, hilo ndilo jibu. Hadubini yenu haina kosa.

Slaidi zote za buluu, au zote nyekundu

Hapa hadubini huonewa kuliko mahali pengine. Kijana mmoja aliniambia taa yake "imegeuka rangi". Slaidi za malaria zilizoletwa kutoka juu, upande wa Kasulu, zilisomeka safi. Za kwake zote zilikuwa buluu, chembe nyekundu za damu zikiwa na rangi ya wingu la mvua. Nikamwomba aweke slaidi ya Kasulu kwenye hadubini yake. Ikasomeka. Kosa lilikuwa linafuata slaidi.

Alikuwa akichanganya rangi ya Giemsa kwa maji ya bomba, na mji wa Kigoma unakunywa ziwa. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu na 9. Giemsa ya malaria inataka 7.2. Maji ya alkali hufanya kila kitu kiwe buluu. Maji yenye uasidi, kama ya mvua yanavyoelekea, hufanya chembe za damu ziwe nyekundu mno na kiini cha kimelea kipauke, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu unaweza kukiruka. Dawa ni bafa, maji yaliyotengenezwa yashike pH moja, ya 7.2 iliyopimwa, iwe upo ufukweni au mlimani. Karatasi ya kupimia pH ni rahisi kuliko safari ya fundi.

Kila mgonjwa ana malaria, hata asiyeumwa

Vidoa vya buluu iliyokolea kila mahali. Cheza na skrubu ndogo. Kama vidoa vinafokasi juu ya chembe za damu, wakati chembe zenyewe zimefifia, hiyo ni rangi iliyoganda. Kimelea kimo kwenye kina kimoja na damu, na kina rangi mbili: kiini chekundu, mwili wa buluu. Kitu cha rangi moja kisikupe haraka.

Rangi huganda kwa sababu haikuchujwa, au iliyochanganywa asubuhi imetumika hadi jioni. Na wakati wa kuosha, usimwage rangi kwanza. Miminia maji taratibu ili utando wa juu uelee na kuondoka. Ukimwaga, utando unalala juu ya damu.

Chembe nyekundu zenye vitobo vinavyong'aa ni habari nyingine: metanoli ya kugandishia tandazo kwenye kioo imeingia maji. Chupa iliyoachwa wazi wakati wa masika hunyonya unyevu wa hewa. Nunua chupa ndogo, funga kila mara.

Tone nene la damu kwenye slaidi ya malaria likiwa bado na vivuli vya chembe nyekundu, ujue liligandishwa kabla ya kupakwa rangi. Ama lilianikwa juani dirishani, ama metanoli ya tandazo jembamba ililigusa. Tone nene haligandishwi kwa metanoli wala joto. Hakuna lenzi itakayolisafisha. Chukua damu upya.

Naona duara jeupe, hakuna kitu ndani

Mara nyingi kitu kipo. Mayai ya kichocho cha tumbo, ambayo vijiji vya ufukweni wanayajua, yana urefu wa takriban maikromita 140 na mwiba pembeni. Hayafichiki. Lakini ukifungua airisi yote na kuwasha taa mpaka mwisho, unayaogesha mwanga hadi yanatoweka.

Nitasema hili kwa sauti: airisi si ya kupunguzia mwanga. Mwanga unapunguzwa kwenye taa. Airisi ni ya kutofautisha kitu na kilichokizunguka. Kwa slaidi zilizopakwa rangi, chomoa lenzi ya jicho, chungulia bombani, na uifunge mpaka duara la mwanga libaki kama robo tatu. Kwa choo na mkojo, visivyo na rangi, funga zaidi na ushushe kondensa kidogo. Na kama mnatumia njia ya Kato-Katz kutafuta mayai ya minyoo kwenye choo, mayai ya minyoo ya safura husafishwa na gliserini na kupotea ndani ya saa moja hivi. Aliyesoma saa nne asubuhi na aliyerudia saa nane mchana hawatakubaliana, na wote watailaumu hadubini.

Kwa walimu, kuna ufundi wa bei ya karatasi. Kata kiduara cha karatasi nyeusi, kiweke katikati ya kishikio cha kichujio chini ya kondensa, tumia objektivu ya 10. Mwanga wa katikati umezuiwa, wa pembeni unaugonga mdudu na kuingia kwenye lenzi. Jaribu ukubwa mbalimbali mpaka nyuma pawe peusi. Chukua tone la maji ya ziwani, na vijidudu vitang'aa kama taa za wavuvi wa dagaa usiku usio na mwezi. Darasa lililokuwa linasinzia litagombania zamu. Picha ikibaki ya kijivu, kiduara ni kidogo au slaidi ni chafu: njia hii huonyesha kila chembe ya vumbi.

Hadubini ya fezi, inayoonyesha visivyo na rangi bila kuvipaka, aliyoitolea wazo Frits Zernike na kupata Nobeli mwaka 1953, huleta lawama moja tu: "haina tofauti na ya kawaida." Pete ya kwenye kondensa haijaoana na ya kwenye objektivu. Kila objektivu ina pete yake. Geuza diski hadi namba zilingane, weka kijidarubini chake badala ya lenzi ya jicho, na usogeze mpaka pete ya mwanga iingie juu ya pete nyeusi.

Ya kifua kikuu, ile ya mwanga wa buluu

Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza hadubini za floresensi, ambamo bakteria waliopakwa rangi hung'aa, zenye taa ya LED kwa makohozi, na zimepunguza kazi, kwa kuwa unasoma kwa ukuzaji mdogo kuliko ule wa 1000 wa njia ya rangi ya Ziehl-Neelsen. Zina makosa yake.

Hakuna kinachong'aa: hakikisha kichujio kimesukumwa ndani, zima taa ya chumba, funga pazia. Kisha uliza slaidi ilikaa wapi. Oramini, rangi inayowang'arisha bakteria, hufifia kwenye mwanga. Slaidi iliyosahaulika mezani tangu jana haiaminiki, iweke kwenye kisanduku cheusi na uisome siku hiyohiyo. Pamanganeti, ya kuzima mng'ao wa nyuma, ikikaa kupita muda wake huzima hadi bakteria wenyewe.

Kila kitu kinang'aa: tandazo ni nene, au pamanganeti ilikuwa kidogo, au mafuta yako yana mng'ao wake. Weka tone la mafuta kwenye slaidi tupu utazame. Yaking'aa, umeshajua.

Nyuzi kama utando wa buibui

Kuvu. Ufukweni huku, kuanzia Novemba hadi Aprili, ndiye adui mkubwa kuliko vumbi la kiangazi. Akishakula mipako ya kioo, alama haitoki hata ukimwua. Sanduku la mbao ambalo hadubini ilikuja nalo ni la safari. Ukiifungia humo masika yote unamfugia kuvu nyumba.

Zamani tulitengeneza kabati lenye balbu ya wati 25 ndani, ikawaka usiku kucha na kukausha hewa. Nimeona mahali walipofuata ushauri huo kwa balbu ya LED. Mwanga mzuri, joto hakuna, kuvu wakastawi huku wakiona vizuri. Kama hupati balbu ya zamani, tumia silika jeli ndani ya boksi la plastiki linalobana. Ile ya buluu ikigeuka ya waridi imeshiba maji. Ikaange kwenye sufuria kavu, ambayo haitarudi jikoni, mpaka irudi buluu.

Meza inashuka yenyewe, kichwa kinauma

Meza ikishuka polepole na fokasi ikapotea, kaza pete ya ugumu iliyo kwenye shina la skrubu kubwa. Usizungushe skrubu ya kulia na ya kushoto kwa pande zinazopingana, utavunja meno ya ndani.

Kichwa kikiuma, rekebisha upana wa macho mpaka uone duara moja. Fokasi kwa jicho la kulia peke yake, kisha kwa la kushoto zungusha pete ya lenzi yake bila kugusa skrubu. Kama duara haliwi moja hata kwa dawa hiyo, na kuna mtu anakumbuka hadubini "iligonga kidogo tu" mlangoni, prizimu imehama.

Ikibidi kuituma

Prizimu, kuvu wa ndani, springi iliyonata na meno yaliyovunjika havitengenezwi mezani kwako. Hapo ndipo sanduku la mbao linapata kazi. Toa slaidi, shusha meza, weka objektivu fupi chini, toa balbu, jaza nafasi kwa nguo. Ishike mkono mmoja shingoni, mwingine chini ya kitako. Kwenye basi la Kasulu isipande kwenye keria. Ilipie siti au uipakate. Kisha andika karatasi: objektivu ipi inasumbua, balbu ni ya volti ngapi, kosa linazunguka na kipi na halizunguki na kipi. Ifunge kwenye mkono wa hadubini yenyewe, kwa sababu masanduku haya yanafanana na vifuniko hubadilishana njiani.